Siku Mama Alipokwenda Kuchagua Spika

Mama alisema anataka kwenda dukani kuchagua mwenyewe, na kaka yangu akageuka kunitazama kama anayeuliza iwapo nimesikia alichosikia yeye. Tulikuwa sebuleni kwangu Goba, Jumapili baada ya ibada, sahani za pilau bado ziko mezani. Mama alikuwa haoni. Presha ya macho ilimchukulia jicho la kushoto kwanza, halafu la kulia, polepole, mpaka siku moja akaniuliza kwenye simu kama huku Dar nako kuna ukungu. Nikasafiri hadi Iringa, nikafunga vitu vyake, nikamleta aishi na mie.

Miezi ya mwanzo alikuwa mkimya kuliko nilivyowahi kumjua. Mama alikuwa muuguzi mkunga maisha yake yote, mtu wa kupita huku na huku akitoa amri, na sasa dunia yake ilikuwa kiti kimoja karibu na dirisha na ukuta wa kushika mpaka chooni. Kitu pekee kilichomchangamsha ni tamthilia ya saa kumi na moja jioni. Lakini TV yangu ni ile nyembamba ya kubandika ukutani, na spika zake ziko mgongoni, zinaongea na ukuta. Mama akawa anauliza kila baada ya sentensi mbili. Nani huyo? Kaingia nani? Yuko na nani chumbani? Mie nafundisha jiografia sekondari, na saa hizo nakuwaga na madaftari ya wanafunzi mapajani, kwa hiyo nilimjibu huku nasahihisha. Mara nyingine nilimjibu vibaya. Kuna siku nilimwambia aliyeingia ni shemeji mtu, kumbe alikuwa mwanasheria, na Mama akaishi wiki nzima na hadithi ambayo haipo. Alipogundua hakugomba.

"Zima, mwanangu," alisema. "Nyie mnaangalia. Mie nasikia watu waliofungiwa kwenye kopo."

Neno hilo lilinikaa rohoni. Nikaamua nitamtafutia sauti nzuri, na hapo ndipo ugomvi wa mie na kaka ulipoanza.

Kaka anaishi Boko, ana duka la vifaa vya ujenzi, na ni mtu wa kuamua haraka. Kwake kuna hom thieta, ile inayokuja yote kwenye boksi moja: mashine yenyewe, spika tano ndogo na sabufa. Unachomeka, unakaa. "Dada, usijitese," aliniambia. "Boksi moja, rimoti moja, waya zina rangi. Nusu saa umemaliza." Mie nilikuwa nimeshaharibiwa na mwalimu mwenzangu wa fizikia. Alinichorea ubaoni wakati wa mapumziko namna watu wanavyonunua amplifaya ya kukuza sauti peke yake na spika peke yake, kila moja na kazi yake, na moja ya kukaa katikati kwa ajili ya sauti za wanaoongea. Alinieleza kwamba ile ya katikati unaweza kuipandisha peke yake bila kupandisha ngurumo na muziki. Nilirudi nyumbani natembea haraka kama niliyepewa habari ya siri. Kuanzia siku hiyo nilikuwa nasoma simu huku napika, na ugali uliniungulia mara mbili. Sijui kama kifaa chochote kiliwahi kunisisimua vile.

Tulibishana wiki tatu. Kaka ananitumia picha za maboksi yanayong'aa, mie namtumia picha za spika za mbao zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Jumapili ile ya pilau tukabishana mbele ya Mama, na yeye akatuacha tuchoke ndipo akauliza.

"Hicho kitu ni cha nani?"

"Chako, Mama," tulijibu pamoja.

"Atakayekisikiliza ni nani?"

"Wewe."

"Basi nipelekeni. Nyie hamjawahi hata kuniuliza nasikiaje."

Jumamosi iliyofuata aliamka kabla yangu. Nilimkuta ameshavaa gauni lake la rangi ya damu ya mzee na viatu vya kufunga, pochi mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili. Kaka alikuja na pikapu yake. Mama akataka akae mbele na kioo kishushwe, na njia nzima kutoka vilima vya Goba kuteremka hadi Kawe alikuwa akitutajia anachosikia. Hapa wanachomelea mageti. Hapa kuna kwaya inafanya mazoezi, na mwalimu wao ana haraka. Hapa dereva mwenzako kakuudhi, usimjibu. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, na nilitambua kwamba tangu aje Dar sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo kwa mara moja.

Duka lenyewe ni la siku nyingi. Mwenyewe ni mzee wa asili ya Kiarabu, wa kanzu na kofia, aliyelirithi kwa baba yake enzi za redio za mbao. Tuliingia, TV kama kumi zinaonyesha vitu tofauti, kila moja na kelele zake. Mie na kaka tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kutukaribisha, halafu akaanza kumweleza kaka kuhusu bidhaa zilizoingia karibuni. Mama alimwacha amalize sentensi moja.

"Habari za hapa, baba. Mnunuzi ni mie. Ila sioni, kwa hiyo naomba uzime hizo zote nyingine."

Mzee alisita kidogo. Halafu alizunguka mwenyewe dukani, TV moja baada ya nyingine, mpaka kukawa kimya na sauti ya feni tu. Akaleta kiti cha plastiki, akakifuta kwa kitambaa, akakiweka katikati ya chumba cha nyuma anachotumia kuwasikilizisha wateja.

"Karibu ukae, mama. Nikupigie nini?"

"Nipigie watu wanaoongea. Muziki baadaye."

Akatafuta kipande cha filamu ya Kiswahili, mume na mke wanagombana jikoni, nje mvua inanyesha. Alianza na hom thieta ya boksi moja, kubwa kuliko ya kaka. Mvua ilitunyeshea kweli. Radi ilipopiga, vioo vya kabati vilitetemeka, na kaka akanikonyeza kwa ushindi. Hata mie nilivutiwa, siwezi kudanganya. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, uso wake haukuonyesha kitu.

"Mvua nimeipenda," alisema kilipoisha. "Mke kasema nini alipofunga mlango?"

Hakuna aliyejua. Mzee alirudisha nyuma, akapandisha sauti. Mvua nayo ikapanda, na mke akazidi kuzama ndani yake. Mama akatikisa kichwa.

"Ngoja sasa hii nyingine."

Mzee alihamisha waya nyuma ya kabati, akawasha amplifaya nyeusi yenye upana wa sinia, na kipande kilekile kikaanza upya kupitia spika mbili ndefu za mbele, moja iliyolala chini ya TV, na mbili zilizoning'inizwa nyuma yetu. Mvua ilisikika mbali zaidi safari hii, juu ya bati. Na mke akasema, wazi kabisa, kama yuko pale chumbani na sie: "Hata chumvi umeshindwa kuniuliza." Ndipo mlango ukafungwa.

Mama alinyoosha mkono wake wa kulia, kidole mbele. "Mume yuko hapa," alisema. Kidole kikaanza kusogea taratibu kuelekea kushoto. "Anatembea. Anakwenda kwa mkewe. Kasimama."

Nilikuwa naangalia TV. Mwanaume alikuwa anatembea kutoka kulia kwenda kushoto, na kidole cha Mama kilikuwa kinamfuata hatua kwa hatua, na aliposimama, kidole kilisimama. Nilimtazama kaka, naye alikuwa amefungua mdomo kidogo. Mzee mwenye duka alisogea akasimama nyuma ya kiti cha Mama, aangalie kidole na TV kwa pamoja.

"Mama, ulikuwa ukifanya kazi gani?" aliuliza.

"Mkunga. Nilikuwa nasikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa kile kipembe, wodi nzima inapiga kelele."

"Basi leo napimwa mie," alisema mzee, akacheka kwa furaha kabisa.

Nilidhani tumemaliza. Nilikuwa nimeshaanza kupanga kichwani kila spika itakaa wapi sebuleni. Ndipo kaka akaongea, na lazima niseme hakuongea kwa ubishi.

"Mama, sauti nimeikubali. Ila fikiria siku ya kawaida. Dada yuko shuleni mpaka jioni. Huku kuna rimoti ya TV, ya king'amuzi na ya hii amplifaya. Nani atakuwashia? Ile nyingine ni rimoti moja tu. Hutaki kukaa unamsubiri mtu aje akufungulie masikio."

Katika wiki zote zile za kusoma na kuchora, niliwaza jinsi Mama atakavyosikia, sikuwaza hata mara moja jinsi atakavyowasha. Niliona aibu. Furaha ya dakika ile iliyopita nikaiona inamtoka Mama usoni.

"Nipeni nizishike," alisema, akanyoosha mikono.

Mzee akamwongoza mkono mpaka kwenye ile mashine ya boksi moja. Uso wa mashine ulikuwa wa kioo kitupu, laini, vitufe vyake ni taa tu zinazowaka chini ya kioo. Mama alipapasa kushoto, akapapasa kulia. Sauti ikakatika. Akapapasa tena, mashine ikaanza kutafuta simu ya kuungana nayo.

"Nimeshika nini?"

"Umeihamisha, mama. Hapo hapana kitu cha kushika. Inataka macho," alisema mzee.

Akamhamishia mkono kwenye amplifaya. Mama alikutana kwanza na kitufe cha duara cha kuzungusha, kikubwa kama kifuniko cha chupa ya chai. Akakizungusha, sauti ikapanda. Akakirudisha, ikashuka. Upande wa pili kulikuwa na kingine kidogo ambacho kinagota kila ukikisogeza. Mzee akamweleza kwamba ataiacha kwenye TV, na akitaka redio agotishe mara moja kulia, akitaka TV arudishe mara moja kushoto. Kitufe cha kuwasha kilikuwa chini, kimechomoza, cha kubonyeza kwa dole gumba. Mama akazima. Akawasha. Akagotisha kulia, akagotisha kushoto, akapandisha, akashusha. Alirudia yote mara nne, mikono yake inakwenda kwa kasi zaidi kila mara, na nikaiona ile mikono ya zamani iliyokuwa ikifunga vifurushi vya vifaa vya kuzalishia bila kuvitazama.

"Na TV yenyewe?" kaka aliuliza.

"Hiyo na king'amuzi nitavibandikia kitu kwenye rimoti zake," nilidakia. "Kipande cha plasta kwenye kitufe cha kuwasha, na kingine kwenye chaneli yake."

Mama alikuwa bado ameshika kile kitufe kikubwa. "Hii inashikika," alisema. "Nachukua hii."

Kaka aliinua mikono. Kisha alifanya jambo lililonifurahisha kuliko kama angenikubalia kwa maneno: aliibeba amplifaya mwenyewe mpaka kwenye pikapu, akaifunga na blanketi lake la gari, na njia nzima ya kurudi Goba alipita mashimo ya barabarani kama amebeba mayai.

Fundi alikuja Jumatatu mchana, kijana mstaarabu aliyeletwa na mzee wa dukani. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo nilikuwepo, na sikukubali kukaa pembeni. Nilipima kwa futi ya kamba umbali kutoka kiti cha Mama mpaka kila spika. Nilishika tochi, nilipitisha waya nyuma ya kabati, na fundi alipopanda kutoboa ukuta kwa ajili ya zile mbili za nyuma, nilimwambia spika ya mbele kushoto aniachie mie, nimeona alivyofunga ya kulia. Akaniachia.

Tulipomaliza niliweka kwaya kutoka kwenye simu yangu. Nyumba ilijaa. Nilikuwa nimesimama katikati ya sebule nacheka peke yangu, fundi anakunja waya zake, na Mama kwenye kiti chake amekunja uso.

"Haiko sawa," alisema.

"Bibi, ni masikio hayajazoea," fundi alimjibu kwa upole. "Kesho utaipenda."

"Besi wamekwenda wapi?"

"Besi gani, Bibi?"

"Wanaume wa sauti ya chini kwenye kwaya. Soprano nawasikia, alto nawasikia. Besi wapo kama hawapo. Na ya dukani ilikuwa na tumbo, hii imebaki ngozi."

Fundi aliangalia mipangilio kwenye amplifaya, akasema iko vizuri. Mie nilianza kuingiwa na wasiwasi kwamba tumekosea kila kitu, kwamba tungechukua boksi la kaka. Mama akaomba asikilizishwe spika moja moja. Fundi akazima ya kushoto, ikaimba ya kulia peke yake. Mama akasema hiyo nzima. Fundi akawasha ya kushoto, akazima ya kulia. Nayo nzima. Akawasha zote mbili.

"Hapo," Mama alisema. "Moja moja hazina tatizo. Zikikaa pamoja zinagombana. Hii inasukuma, ile inavuta."

Fundi alimtazama, kisha akapiga magoti nyuma ya spika ya kushoto na tochi. Alikaa huko muda mfupi tu. Aliporudi hakunitazama mie, alimwambia Mama.

"Bibi, uko sahihi. Waya nyekundu iko kwenye nyeusi, na nyeusi kwenye nyekundu."

"Nani aliifunga hiyo?"

"Mie, Mama," nilisema.

Mama alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, akaniuliza kama na wanafunzi wangu nawafundisha hivyo, mashariki nawaambia magharibi. Fundi naye akashindwa kujizuia. Alibadilisha zile waya kwa sekunde chache, akawasha, na besi wakaingia. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hivyo. Wanaume wale walikuwa kama wamesimama mlangoni muda wote wakisubiri kuambiwa karibu, na sasa wakaingia wote kwa pamoja, vifua mbele. Mama akaweka mikono kwenye magoti na kuanza kuimba nao, sauti ya pili, maneno yote anayajua. Fundi alimaliza kukunja vitu vyake lakini hakuondoka mpaka wimbo ukaisha. Mlangoni aliniambia kwamba siku akipata kazi ngumu, anaomba aje amchukue Bibi.

Shule zikafunguliwa, nikarudi kwenye vipindi vyangu. Siku ya tatu nilichelewa kwa sababu ya kikao cha walimu. Nilipofika getini niliona kandambili za watu wengine nje ya mlango, jozi tatu. Ndani walikuwemo majirani watatu, akina mama wa mtaani kwetu ambao siku zote nilikuwa nasalimiana nao njiani tu. Mama alikuwa kwenye kiti chake, ameshika rimoti yenye plasta. Tamthilia ilikuwa inaendelea. Aliwasha mwenyewe, na kwa jinsi walivyokaa, alikuwa amewakaribisha mwenyewe pia.

Kwenye TV kulikuwa na mwanamke amekaa peke yake kitandani, anazungumza na simu, anamweleza mtu siri ya wosia. Majirani walikuwa wamesogea mbele. Mama akainua mkono.

"Hayuko peke yake," alisema. "Kuna mtu kapita huku nyuma, kushoto kwangu. Kavaa viatu vya visigino."

"Hapana, Mama, yuko peke yake," jirani mmoja alimjibu. "Chumba kitupu, tunakiona."

"Haya."

Mwanamke akakata simu. Akageuka. Mlango wa kushoto ulikuwa wazi kidogo, na wifi yake alikuwa amesimama pale, kavaa visigino, amesikia yote.

Majirani walipiga makofi. Mmoja alimshika Mama bega na kumuuliza amejuaje, mwingine akasema kuanzia leo yeye hakai mbali na kiti hiki. Mama alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu nilipokuwa msichana, nilipokuwa nampelekea chakula wodini na kumkuta anawaambia wanawake waliojifungua uzito wa mtoto kabla ya kumpandisha kwenye mizani.

"Mwanangu kaingia," aliwaambia bila kugeuza kichwa. "Msogezeeni nafasi."

Niliweka begi la madaftari chini, nikavua viatu, nikakaa kwenye mkeka kati ya majirani wawili. Niliuliza huyo wifi anataka nini hasa.

"Nyamaza usikilize," Mama alisema. "Nitakueleza matangazo yakija."